Kibera na Molekuli Inayopofusha

Kila maafa ya chang'aa yanapotokea nchini, twasoma habari ya "pombe yenye sumu", polisi wakamwaga mapipa, kisha kimya. Sumu yenyewe haitajwi jina, na hapo ndipo penye kasoro.

Jina lake ni methanoli. Ni ndugu wa ethanoli, ile inayolewesha. Molekuli ya methanoli ina atomu moja ya kaboni, nne za haidrojeni na moja ya oksijeni. Ethanoli ina kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja. Kwa jicho zote ni kama maji, na mnywaji hawezi kuzitenganisha kwa ulimi. Lakini mwilini methanoli hugeuka asidi ya fomiki, ile ambayo chungu wengine humrushia adui, nayo huharibu mshipa wa macho. Ajabu ni kwamba neno alkoholi asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja!

Kibera ni mji wa Wanubi, ndugu zetu Waislamu, tangu mwanzo wa karne ya 20. Tusifichane: enzi ya mkoloni mtaa huo ulijulikana pia kwa jin. Msomaji wa Pwani atasema haramu ni haramu, yanini mjadala? Hukumu haijabadilika. Ila jirani akipofuka, ni jirani vile vile.

Chang'aa iliyopikwa kwa sukari na mahindi huwa na methanoli kidogo. Balaa huja pale muuzaji anapotia spiriti ya viwandani ili kuongeza ukali kwa bei rahisi. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, walikufa zaidi ya watu 100. Mei 2014 wakafa makumi katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikaruhusiwa kwa masharti mwaka 2010. Methanoli haikujali sheria hii wala ile.

Dalili huweza kuchelewa hata siku nzima: tumbo kuuma, kutapika, ukungu machoni. Mtu hudhani ni uchovu wa ulevi, akalala, na saa zinapita ambazo hospitali ingempa dawa ya kuzuia sumu au kumsafisha damu. Picha ya molekuli hiyo, na chini yake maneno "ukiona ukungu, usilale, kimbia hospitali", yafaa ibandikwe Makina, Laini Saba na Kawangware, kwenye kila duka la dawa.