Safari ya Ubwari: vijana wa Kilembwe waanze kwa kupanga kurudi

KILEMBWE (Fizi) – Kila mwaka masomo yanapokaribia kufungwa, wazo lilelile hurudi midomoni mwa vijana wa Kilembwe, katika sekta ya Lulenge. Marafiki wakusanye makuta kidogo kidogo, wateremke hadi Baraka, wapande boti, wakakae siku chache Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Hakuna hoteli wala gharama kubwa: ni maji, samaki wa kuchoma na usingizi bila kazi ya shamba asubuhi. Katika makundi hayo wamo watoto wa Kilembwe wenyewe, na wamo watoto wa wahami waliofika na mafurushi kichwani, ambao sasa wanalala katika nyumba za jamaa zilizowapokea.

Wazo hilo huleta maneno. Wazee husema kwamba wakati wa vita watu hawatembei kwa raha. Akina mama huuliza ni nani atakayelipa kama mtoto akiugua huko. Vijana nao hujibu kwamba wakisubiri vita viishe kwanza, watazeeka kabla ya kuona maji ya ziwa la kwao. Kila upande una ukweli wake. Lakini kabla ya kubishana kama waende au wasiende, kuna swali linalopaswa kujibiwa kwanza: watarudi namna gani?

Kisiwa ambacho si kisiwa

Ubwari kwa kweli si kisiwa. Ni rasi, yaani ulimi mrefu wa milima unaotoka kwenye nchi kavu upande wa kusini na kuingia ziwani kuelekea kaskazini. Katikati yake na Baraka kuna ghuba. Wazungu wa kwanza kupita hapo, Richard Burton na John Speke, waliokuwa wakisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira mwaka 1858, waliandika kwamba ni kisiwa. Henry Stanley alizunguka ziwa zima mwaka 1876 na kuipa ghuba hiyo jina la Burton. Baadaye ramani zilisahihishwa.

Kosa la wageni wale linaeleweka hata leo. Vijiji vya Ubwari kama Yungu na Dine vinaishi kwa boti. Bidhaa zinakuja kwa boti, samaki wanakwenda sokoni kwa boti, na mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa anasubiri boti. Kwa hiyo mtu wa Kilembwe anayefika Ubwari amefika kisiwani, hata kama ramani inakataa.

Jambo hilo linagusa mfuko moja kwa moja. Kijana aliyeishiwa na makuta katikati ya njia ya Fizi anaweza kutembea kwa miguu, kuomba lifti kwa dereva wa lori, au kulala kwa mtu anayefahamiana na baba yake. Aliyeishiwa Ubwari ana maji mbele yake. Kuzunguka kwa miguu hadi shina la rasi ni safari nyingine nzima. Ndiyo maana marafiki wengi waliowahi kwenda mahali pa mbali kwa bei ndogo hawakuharibikiwa siku ya kwenda. Waliharibikiwa siku ya kurudi, kwa sababu walihesabu nauli ya kwenda, wakahesabu chakula na vinywaji, na kurudi wakakuachia Mungu.

Likelemba yenye kufuli

Wakaaji wa Fizi hawahitaji kufundishwa likelemba. Njia hiyo hiyo inatosha kwa safari, ila kwa sheria moja zaidi. Tuseme marafiki ni 8, na kila mmoja anatoa 5,000 Fc kila wiki kuanzia Januari. Baada ya wiki 24 wana 960,000 Fc. Kabla ya mtu yeyote kutaja mchele au spika ya muziki, theluthi moja, yaani 320,000 Fc, ifungwe. Hiyo ni ya kurudi na ya dharura, na isiguswe hata kama njaa inauma. Itunzwe na mtu asiyesafiri, tuseme mama mmoja anayeheshimiwa mtaani, ambaye anaweza kuituma kwa simu au kuikabidhi kwa ndugu aliyeko Baraka. Kinachobaki, 640,000 Fc, ndicho cha kupanga. Kama hakitoshi kufika, basi safari bado. Wasubiri au wapunguze siku, lakini wasivunje kufuli.

Gharama zinaweza kupunguzwa mahali pengi bila hatari. Kilembwe ni nchi ya shamba: unga wa muhogo, maharagi na mafuta ya mawese vibebwe kutoka nyumbani badala ya kununuliwa ufukweni. Samaki wanunuliwe kwa mvuvi mwenyewe anapotoka majini, tena wengine watakubali kubadilishana na maharagi. Malazi yaombwe kwa mkubwa wa kijiji au kwa kanisa, kwa heshima, na watu wafike na zawadi ndogo mkononi. Sufuria moja inatosha, na mkeka unalala watu wawili. Njiani watenge kidogo kwa ajili ya bariere, kwa sababu kila anayesafiri Fizi anajua kwamba kamba ikivutwa barabarani, maneno matamu hayatoshi kila mara.

Mahali pamoja tu hapapunguzwi, napo ni boti.

Bei ndogo majini ni deni

Wakaaji wa ziwa hili wanakumbuka Desemba 2014, wakati MV Mutambala, yenye jina linalofahamika na kila mtu wa Fizi, ilipozama Ziwa Tanganyika upande wa Katanga. Viongozi walihesabu watu 129 waliofariki. Ilisemwa kwamba mzigo ulikuwa mwingi na upepo ulikuwa mkali. Tarehe 3 Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya Ziwa Kivu: boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri. Makumi walikufa. Wengi walikuwa wamepanda boti kwa sababu vita vilifunga barabara. Baada ya ajali nyingine ya Kivu, ya Aprili 2019, Rais Félix Tshisekedi aliamuru abiria wavae jile za kuokolea. Amri ipo. Jile ndizo zinazokosekana kwenye boti nyingi.

Kijana wa Kilembwe ana sababu ya kuogopa zaidi kuliko kijana wa Baraka. Amekua milimani, kwenye mito. Wengi hawajui kuogelea, au wanajua kuogelea mahali ambapo miguu inagusa chini. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Tena likizo kubwa inaangukia Julai na Agosti, katika kiangazi, na huo ndio wakati upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Watu wa milimani hufikiri kwamba hakuna mvua, basi hakuna hatari. Mvuvi yeyote wa Baraka atawaambia kinyume.

Kwa hiyo sehemu ya makuta yale 640,000 iende kwanza kwenye chombo. Wachague boti isiyojaa, hata kama inawalazimu kusubiri siku nzima. Wakodi au waazime jile kabla ya kushuka ufukweni, kila mtu yake. Waulize wavuvi wawili tofauti, si mwenye boti peke yake, ni saa ngapi maji yanatulia. Na kama mwenye boti anasema "tubanane tu, ni karibu", kikundi kizima kishuke. Rafiki anayeona aibu kushuka kwa sababu wengine watamcheka anahitaji rafiki mwingine wa kushuka naye. Afadhali wakubaliane jambo hilo Kilembwe, wakiwa na akili tulivu, kuliko kuanza kubishana wakiwa na mguu mmoja majini.

Mhami naye atoe mchango

Linabaki jambo zito zaidi. Katika kundi la marafiki 8, wawili au watatu wanaweza kuwa watoto wa wahami. Hawana shamba, na 5,000 Fc kwa wiki ni chakula cha wadogo zao. Wakiachwa, urafiki umepasuka. Wakilipiwa kila kitu, wanakwenda wakiwa wageni wa huruma, na siku ya ugomvi watakumbushwa. Njia ya kati inajulikana tangu zamani: mchango wa mikono. Kulima shamba la mwenzake kwa siku kadhaa, kupika, kubeba, kusimamia hesabu ya kundi kama anajua kuandika vizuri. Kazi hiyo ihesabiwe kwa makuta kwenye daftari, mbele ya wote, iwe sawa na mchango wa mwingine.

Vitambulisho pia viangaliwe mapema. Mhami aliyepoteza karte ya mpiga kura wakati wa kukimbia anaweza kukwama kwenye bariere ya kwanza. Atafute karatasi ya kuthibitisha kwamba alipoteza vitambulisho miezi miwili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Na kundi zima lijue kwamba kama mmoja akizuiwa, wote wanangoja. Mwenzao aliyewahi kusimamishwa njiani akiwa peke yake hapaswi kuachwa hapo mara ya pili.

Wazee wanaosema kwamba ni aibu kutembea wakati wa msiba wasikilizwe. Ni kweli kwamba kuna nyumba Kilembwe ambako watu wanakula mara moja kwa siku. Vijana wasiende kwa majivuno, wasijaze simu za watu picha za samaki wakati jirani analia, na wasitangaze njia yao wala siku yao kwa kila mtu. Lakini wazee nao wakumbuke historia ya Fizi. Waasi wa 1964 walipita hapa. Vita vya 1996 vilipita hapa, na maelfu wakavuka ziwa hadi Tanzania. Wengine watoto wao wamezaliwa kambini Nyarugusu. Mwanzoni mwa 2025 Goma ilianguka, kisha Bukavu, na hata Idjwi, kisiwa cha kweli cha Ziwa Kivu ambacho watu walikifikia kutoka miji hiyo miwili, hakifikiki kwa wepesi tena kwa mtu wa Fizi. Kama raha ingesubiri amani, hakuna kizazi cha Fizi tangu babu zao ambacho kingewahi kuogelea.

Tena kwa jamaa nyingi za hapa, ziwa limekuwa njia ya kukimbilia. Wanalijua kwa usiku, kwa watoto waliofunikwa midomo wasilie, kwa mali iliyotupwa majini ili boti iwe nyepesi. Mtoto aliyevuka hivyo akiwa mgongoni mwa mama yake ana haki ya kulivuka mara moja mchana, akiwa na wenzake, akicheka. Haki hiyo si anasa. Ila haitimii kama safari imepangwa kwa namna ile ile ya kukimbia: kuondoka tu, mengine yatajulikana mbele.

Wanaopaswa kusema ndiyo au hapana

Basi kuna mambo machache ya kukubaliana kabla ya Julai. Wazazi na jamaa zilizopokea wahami waambiwe wazi, hasa pale wasichana wamo safarini, na wapewe majina ya wote wanaokwenda. Mkubwa wa kijiji cha Ubwari apelekewe habari kabla, kwa simu au kwa mfanyabiashara anayekwenda huko. Kundi lichague mmoja ambaye neno lake la "tusipande" halipingwi. Na kama njia ya kutoka Kilembwe hadi Baraka ina milio ya risasi wiki ile, safari imekufa siku hiyo hiyo: daftari lifunguliwe, kila mmoja arudishiwe alichotoa, na mhami alipwe kwa mikono yake aliyofanya. Kundi linaloweza kurudishiana makuta bila kugombana litaweza kusafiri pamoja mwaka unaofuata.

Wenye boti wa Baraka nao wana sehemu yao. Kijana wa milimani haulizi maswali mengi kwa sababu anaogopa kuonekana mshamba. Wasimtumie vibaya kwa sababu hiyo. Wamwambie idadi ya watu ambao boti inaweza kubeba, na wasiongeze hata mmoja.

Jamaa nyingi zilizoko Kilembwe leo ziliondoka kwao bila kujua siku ya kurudi, na hadi sasa hazijui. Watoto wao wakienda Ubwari, waache karatasi nyumbani, imeandikwa siku na saa ambayo watakuwa wamerudi Baraka, na namba ya mtu wa kupigiwa kama saa hiyo imepita. Mama anayebaki na karatasi hiyo atakuwa ameona safari moja yenye mwisho unaojulikana.