Binti Watano Mbele ya Musa: Je, Kuandamana Kunasaidia?



Wiki hii kuna swali moja ambalo limeingia kwenye simu yangu mara nyingi kuliko maombi ya uponyaji. Mama mmoja aliliuliza hivi: "Pastor, kijana wangu anasema ataenda maandamano. Nimwambie ni dhambi, ama nimwambie ni bure?" Nimeona nijibu hapa ili wote msome, kwa sababu mama ameuliza maswali mawili kwa pamoja, na wengi wetu tukishindwa kujibu la kwanza tunakimbilia la pili. Tunasema, sawa, si dhambi, lakini serikali ni serikali, mnyonge hana haki.

Fungua Hesabu 27. Israeli wamehesabiwa ili wagawiwe nchi, na hesabu inapita kwa wanaume. Selofehadi amefia jangwani bila mtoto wa kiume, basi jina lake linafutika na watoto wake hawapati hata shamba la kupanda mboga. Binti zake walikuwa watano, na Biblia imewataja wote kwa majina. Hawakukaa hemani kunung'unika. Walienda mpaka mlango wa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Hadharani. Walieleza shida yao, wakaonyesha sheria inawaumiza wapi, kisha wakasema wanachotaka: urithi kati ya ndugu za baba yao.

Kuna neno hapo ambalo sisi wahubiri tunalipita haraka. Walisema wazi kwamba baba yao hakuwa katika kundi la Kora. Kwa nini wamtaje Kora? Kwa sababu walijua kuna mtu atawaweka kapu moja na waasi. Hata leo ukishika bango, kuna mtu atakuita mhuni kabla hajasoma ulichoandika.

Musa hakuwafukuza. Alipeleka shauri lao mbele za BWANA, na jibu la Mungu likawa kwamba wanasema haki. Sheria ikabadilika kwa Israeli yote. Kama kumwendea mtawala na malalamiko kungekuwa uasi, hapo ndipo Mungu angesema. Alikuwa ameshaonyesha kwa Kora kwamba uasi anaujua.

Najua kuna ndugu tayari ameandika Warumi 13 kwenye maoni. Ndugu, nimeisoma. Paulo anatuambia tutii mamlaka, na pia anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu. Mtumishi huulizwa. Tena hapa Kenya mamlaka ya juu ni Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha kwanza kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa viongozi, kwa amani na bila silaha. Anayefanya hivyo anatii mamlaka. Anayevunja duka la mtu ama kumrushia askari mawe, huyo amevunja sheria, na sitamtafutia andiko la kumfunika. Na anayempiga risasi mtu asiye na silaha amevunja sheria pia. Warumi 13 inamhusu na yeye.

Sasa la pili. Inasaidia?

Turudi Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa unatafuta takriban shilingi bilioni 346. Mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Ukiwa na gari, hata ile probox ya kubebea kabichi, ulipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Vijana waliusoma mswada. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko mabango: walisoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakawaeleza wazazi wao kwa video za dakika moja. Wakaandikia kamati ya Bunge barua pepe, wakawapigia wabunge simu na kuwatumia jumbe bila kuchoka. (Natamani tungesoma Walawi kwa bidii kama hiyo.) Tarehe 18 Juni, siku ileile walipoanza kuingia barabarani Nairobi, ikatangazwa kwamba ushuru wa mkate na ule wa magari umeondolewa. Wabunge wakaendelea na mswada uliobaki, na tarehe 25 wakaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Mchana huo waandamanaji wakaingia Bungeni na watu wakapigwa risasi. Tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Wiki mbili baadaye karibu baraza lote la mawaziri likavunjwa.

Kwa hiyo anayesema kelele za wananchi hazifanyi kitu, anisaidie kueleza siku hizo nane.

Lakini nisiwadanganye kwa jina la Yesu. Bei ilikuwa watoto wa watu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu zaidi ya watu 60 waliokufa katika maandamano ya mwaka huo, na wengine walitekwa. Mama akiniuliza kama inasaidia, siwezi kumpa ushindi wa mkate na kumficha majeneza. Halafu Desemba 2024 sheria nyingine za kodi zikatiwa saini, na baadhi ya mambo yaliyokuwa kwenye mswada ule yakarudi kupitia mlango huo. Wengi hamkujua. Mlikuwa mnapanga kusafiri Krismasi.

Ndiyo maana napenda mwisho wa hadithi ya wale binti. Hadithi haikuishia Hesabu 27. Kwenye sura ya 36 wazee wa ukoo wao walikuja kwa Musa na malalamiko yao pia, wakihofia ardhi itahamia kabila lingine kwa ndoa. Musa akawasikiliza na hao, sheria ikawekewa mpaka. Kisha enda Yoshua 17. Musa amekufa, nchi inagawanywa, na wale binti wanalazimika kusimama tena mbele ya Eleazari na Yoshua kuwakumbusha kwamba BWANA alikwisha kumwagiza Musa wapewe urithi. Yaani ahadi ilitoka kinywani mwa Mungu mwenyewe, na bado walifuatilia! Wewe umeandamana siku moja, ukaweka picha kwa status, ukarudi kulala.

Na kanisa? Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1992, mwisho wa Februari, kikundi cha akina mama wazee, pamoja na Wangari Maathai, walimwendea Mwanasheria Mkuu na ombi la kuachiliwa wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa. Wakasema watasubiri Uhuru Park. Wakakaa pale wakiimba, wakiomba na kufunga kula. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na vitoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, jambo ambalo kila mtoto wa Kiafrika anajua maana yake. Maathai alipigwa mpaka akazirai. Mtu angesema imeisha. Lakini wale mama walipokewa All Saints Cathedral, ng'ambo tu ya bustani, na wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 wengi wa wale wafungwa wakaachiliwa.

Mimi ni Mpentekoste, liturujia ya Waanglikana si yangu. Lakini nikisoma Luka 18, yule mjane aliyemsumbua kadhi asiyemcha Mungu mpaka akachoka, nawaona wale mama. Yesu alitumia habari yake kufundisha kuomba bila kukata tamaa, na mjane mwenyewe alikuwa anaamka kila siku anaenda ofisini kwa mtu. Wale mama pia waliomba na wakaenda. Na kulikuwa na kanisa lenye mlango wazi waliporudi wameumizwa. Vijana wetu wanatuuliza mlango wetu uko wapi, wakati wanaona mwanasiasa akija Jumapili na bahasha, anapewa kiti cha mbele na maikrofoni. Wamelisema hilo hadharani tangu 2024, na wana haki ya kulisema.

Viongozi mnaosoma hapa, someni 1 Wafalme 12. Watu walimwendea Rehoboamu kwa adabu, wakaomba tu nira ipunguzwe. Akaomba siku tatu za kufikiri, akakataa shauri la wazee, akajibu kwa vitisho. Kisha akamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za lazima, kwa watu wenye hasira. Mnajua alivyokufa. Makabila kumi hayakurudi tena.

Mama, kwa hiyo mwambie kijana wako hivi. Si dhambi. Si bure pia, lakini si mchezo. Aulize kama waandalizi wameandikia kituo cha polisi angalau siku tatu kabla, kama sheria inavyotaka. Ni taarifa, si kuomba ruhusa. Abebe kitambulisho, aende na watu anaowajua, akiona mawe yameanza arudi nyumbani. Na kabla ya barabara, ajue barua. Bunge linapokea malalamiko ya mwananchi yeyote chini ya kifungu cha 119, na bunge la kaunti vilevile, kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kalamu haina vitoa machozi.

Ndiyo sababu Jumapili hii baada ya ibada ya pili tutabaki kidogo. Akina mama wa soko wameandika malalamiko yao kuhusu ada inayokatwa kila asubuhi huku mtaro umeziba na choo kimefungwa. Wakili mmoja wa kanisa letu atayasoma kwa sauti kabla hayajapelekwa bunge la kaunti. Mwenye kibanda aje na nambari ya kitambulisho. Jumatano jioni tunaombea familia zilizozika, na hiyo siku siasa inabaki nje ya geti. Mama, njoo na kijana wako siku zote mbili.