Tapeli Anakutaka Uwe Peke Yako

Mtu akikwapuliwa pochi sokoni hapa Moshi, hupiga kelele na watu wakakimbia kumsaidia. Akitapeliwa kwa simu, hunyamaza. Hamwambii mumewe, kikobani hasemi, na kesho yake tapeli yule yule anampigia jirani wa mlango wa pili kwa maneno yale yale. Ukimya huo ndio mtaji wa matapeli, na tunawaongezea kila tunapomcheka aliyeibiwa na kumwita mjinga.

Hapa kwetu Majengo, Moshi, tuache kicheko hicho. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" hurushwa kwa watu wengi mno, na kati yao hakosekani ambaye kweli alikuwa karibu kutuma hela: kijana wa Dar es Salaam anayemtumia mama yake Kibosho ya vibarua wa kahawa, au dada wa hapa Majengo anayedaiwa mchango. Ujumbe umemkuta mtu mwenye wajibu, siku ya wajibu wake. Anayejifanya mwalimu naye hupiga na kusema mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, inatakiwa hela ya dawa sasa hivi. Mzazi aliyeshtuka hana nafasi ya kupima neno, na tapeli analijua hilo. Ndiyo maana hakubali ukate simu hata kidogo.

Tamaa ipo, hatukatai. Lakini hata DECI, upatu uliovuma hadi Serikali ikausimamisha mwaka 2009, haikuwanasa watu kwa tamaa peke yake. Iliongozwa na wachungaji, ikazungumza lugha ya kupanda na kuvuna, na waliotangulia walilipwa kweli, kwa hela za waliofuata. Ukimwona muumini mwenzako amevuna, utamwambia anasema uongo? Mwanzoni mwa 2025 tukaona mpango wa LBL, watu wakilipa kiingilio ili walipwe kwa kutazama vipande vya filamu simuni, mpaka polisi wakaanza kukamata.

Kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole, na bado tunaibiwa. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni mtu wa pili: yeyote utakayemwuliza kabla ya kutuma.

Tunaanza na mawakala, maana wao wanauona utapeli huu kwa macho. Mteja anakuja simu ikiwa sikioni, mikono inatetemeka, anataka kuweka hela haraka. Wakala, muulize: "Unamtumia nani? Umeshaonana naye?" Mwambie akate simu kwanza, ampigie mwanawe au mwalimu kwa namba anayoijua siku zote. Utapoteza kamisheni ya muamala mmoja, utakuwa umeokoa ada ya muhula mzima.

Shule ziwape wazazi namba moja ya dharura, na ziseme wazi kwamba hazitadai hela ya matibabu kwa namba nyingine. Vikoba vitenge dakika chache kila kikao, aliyepigiwa asimulie, asikatizwe. Misikiti na makanisa yafanye hivyo hivyo kwenye matangazo, na yasimkubalie mtu yeyote auze "fursa" mlangoni kwa sababu tu anajulikana.

Kila nyumba ijue haya: mtandao wako wa simu hukupigia kwa namba 100 tu. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukishatuma kimakosa, piga 100 papo hapo. Hela ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa, na kila dakika unayoipoteza kwa kuona haya ni dakika ya tapeli kufika kwa wakala.

Polisi nao wampokee mlalamikaji bila kumkaripia, hata kama aliyoibiwa ni elfu ishirini. Desemba watu wanarudi kwao mlimani kwa maelfu, na hela za sikukuu, ujenzi na ada za Januari zinapita kwenye simu kwa wiki chache tu. Wenyeviti wa mitaa waitishe mikutano kabla ya hapo.