Aliyempokea Mwanafunzi Amepokea Dhamana

WAPO wakuu wa elimu nchini Marekani wanaoshikilia kwamba kazi ya chuo kikuu ni kufundisha tu. Mengine yote ni juu ya mwanafunzi na wazazi wake. Sauti hiyo hupazwa zaidi inapotajwa afya ya wanafunzi wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, au wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Hoja hiyo ni dhaifu, na historia ya vyuo vyenyewe inaikanusha.

Mwaka 1920 Chuo Kikuu cha Harvard hakikusema kwamba maisha ya wanafunzi hayakihusu. Kiliunda mahakama ya siri, vijana wakahojiwa mmoja mmoja juu ya mapenzi yao, na wanafunzi wanane wakafukuzwa. Mmoja wa waliohojiwa alijiua Juni mwaka huo huo. Habari hizo zilifichwa hadi mwaka 2002, gazeti la wanafunzi lilipozifichua. Ni dhahiri, basi, kwamba vyuo viliijua sana njia ya kuingia katika maisha ya mwanafunzi vilipotaka kumwadhibu. Vikitakiwa kumlinda, ndipo vinapodai kwamba njia hiyo haipo.

Wengine hudai kwamba majonzi ya vijana hao yanatokana na maumbile yao. Hilo nalo si kweli. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuondoa ushoga katika orodha ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990. Mwaka 2003 mtaalamu Ilan Meyer alieleza chanzo chenyewe: kubaguliwa, kuishi kwa kutazamia kubaguliwa, kujificha, na hatimaye kuamini matusi ya wengine. Mtu anayechunga kila neno lake tangu asubuhi hadi usiku hawezi kulala usingizi mwema, na asiyelala hawezi kusoma.

Mzigo huo huongezwa na taratibu za ofisi. Kijana wa Kimarekani anaweza kubaki katika bima ya afya ya mzazi wake mpaka atimize miaka 26. Lakini taarifa ya matibabu kwa kawaida hutumwa kwa mwenye bima. Mwanafunzi anayewaficha wazazi wake siri yake huona afadhali augue kimya kuliko kumwona daktari. Tena, katika maombi ya msaada wa masomo wa serikali, aliye chini ya miaka 24 kwa kawaida huhesabiwa kuwa tegemezi, na mapato ya wazazi wake hutakiwa. Aliyekataliwa na wazazi hao atayapata wapi? Na mabweni yakifungwa wakati wa likizo, ataelekea wapi?

Hakuna mwalimu anayeweza kusema hakuonywa. Septemba 2010 Tyler Clementi, kijana wa miaka 18 aliyekuwa katika majuma yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rutgers, alijiua baada ya mwenzake wa chumbani kumchungulia kwa kamera ya kompyuta akiwa na mwanamume mwingine na kuwatangazia watu. Taifa zima lilisikitika, na ahadi nyingi zikatolewa.

Ahadi hizo zimefikia wapi? Mwaka 2023 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kufunga ofisi za usawa katika vyuo vya umma, na Chuo Kikuu cha Houston kikakifunga kituo kilichowahudumia wanafunzi hao. Tarehe 17 Julai 2025 serikali ya Marekani iliiondoa huduma maalumu kwa vijana hao katika simu ya dharura ya 988, ingawa tangu mwaka 2022 huduma hiyo ilikuwa imepokea maombi zaidi ya milioni moja ya msaada. Watetezi wa hatua hiyo wanasema simu ya watu wote ingali ipo. Ndiyo, ipo. Lakini kijana aliyekwisha kudhihakiwa na watu wa kawaida hamwamini upesi msikilizaji asiyemjua, na katika saa ya hatari kusitasita kwa dakika chache kunaweza kuwa ndiyo mauti.

Hakuna anayelazimishwa kubadili imani yake. Kinachodaiwa ni wajibu: mshauri anayejua kutunza siri, bweni lisilo na mateso, na mlango ulio wazi wakati wa likizo. Chuo kilichopokea ada ya mwanafunzi na kuandika jina lake katika daftari kimepokea dhamana. Hakiwezi kuichukua ada na kuikana dhamana.