Kuku hasemi, lakini anaumia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya mjadala wa kama wanyama na mashine wana fahamu.

Siku hizi vijana wetu wa Makambako na Njombe huiuliza simu maswali, nayo huwajibu kwa Kiswahili safi, hata wengine hudai kuwa ina roho. Hawako peke yao. Mwaka 2022 huko Marekani, mhandisi wa kampuni ya Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu iitwayo LaMDA ilikuwa na hisia. Kampuni ilikanusha, na mhandisi huyo akaachishwa kazi.

Kwa maoni yangu, maneno ya mashine si ushahidi. Programu hizo zimefundishwa kwa maandishi mengi mno ya binadamu. Zikisema "naumia", neno hilo zimelipata kwetu sisi tunaoumia.

Kuku hasemi, lakini ushahidi wake ni mzito zaidi. Ana ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba kuku wanaochechemea, walipowekewa vyakula viwili, walipendelea kile kilichotiwa dawa ya kutuliza maumivu, na aliyechechemea zaidi alikula zaidi chakula hicho. Je, asiyesikia maumivu ataitafutia nini dawa?

Hapa nchini, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Jambo la kusikitisha ni kwamba kati ya Makambako na Njombe bado naona kuku waliofungwa miguu wakining'inizwa vichwa chini, na mbuzi waliofungwa juu ya magari katika baridi kali ya huku kwetu.

Sisemi tusile nyama. Lakini hata mnyama atakayechinjwa kesho anaumia leo.

Nashauri wauzaji wa kuku watumie matenga, na wenye magari wakatae kuku aliyening'inizwa. Maofisa mifugo wakishirikiana na askari wa usalama barabarani wakague mizigo hiyo Makambako, njia panda ya Njombe, Iringa na Mbeya.

Wataalamu waendelee kuichunguza mashine. Ila itakuwa aibu tuihurumie simu iliyo mkono mmoja, na mkono wa pili tumemning'iniza kuku.

Mfugaji,
Makambako.