Muuza pampu auze na maelekezo

KATIKA maduka ya mashine ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, mteja wa pampu ya kumwagilia huuliza mambo mawili: bei na nguvu ya injini. Jambo la tatu, ambalo ndilo huamua kama fedha yake itazaa au itapotea, mara nyingi haliulizwi wala halisemwi.

Pampu nyingi za petroli, zile ambazo oili haichanganywi na petroli, hutoka kiwandani zikiwa kavu, bila oili ndani ya injini. Injini ya nguvu za farasi 5.5 huhitaji takriban lita 0.6 kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Maelezo hayo yamo kwenye kijitabu, lakini kijitabu chenyewe aghalabu ni cha Kiingereza au Kichina, kimefungwa kwenye nailoni chini ya boksi. Mkulima wa nyanya wa bonde la Ruvu anajaza petroli, anavuta kamba, maji yanatoka. Kama injini haina kifaa cha kujizima yenyewe, baada ya muda mfupi inanoki.

Hapo hasara ni ya pande mbili. Mkulima amepoteza mtaji, na nyanya zilizokwisha kuchanua hazimsubiri fundi. Muuzaji naye anarudishiwa mashine na kuingia katika ubishi wa dhamana. Hata akishinda ubishi huo, mteja yule na majirani zake hawarudi dukani kwake.

Wapo wenye maduka wanaodai kwamba mteja wetu hapendi kusoma. Hoja hiyo haina uzito. Mteja huyo huyo alijifunza kutuma fedha kwa simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, hakulazimika kusoma kitabu kwanza. Simu ilimwuliza swali moja baada ya jingine: namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, kisha ikamtaka athibitishe. Aliyekwama alimwendea wakala. Maelekezo yalikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Huo ndio mwelekeo mpya wa fani ya maelekezo: kumpa mtumiaji neno moja, mahali na wakati anapolihitaji. Kwa pampu, kadi ya Kiswahili ifungwe kwenye kamba ya kuwashia, iseme "Weka oili kwanza", pamoja na picha ya tundu la oili. Nyuma yake iwekwe namba ya fundi wa duka. Muuzaji pia anaweza kumtumia mteja kwa simu video fupi ya kubadili oili na kusafisha chujio la hewa.

Ni kweli kwamba kadi huchapwa kwa fedha na fundi hulipwa mshahara. Hata hivyo, maduka yanayouza pampu ya aina moja hushindana kwa kupunguza bei, na kila punguzo hula faida. Huduma ya maelekezo humpa muuzaji njia nyingine ya kushindana.

Waagizaji nao waidai kadi hiyo kiwandani, kama wanavyodai rangi na nembo. Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, taka pampu iwashwe mbele yako hatua kwa hatua. Muuzaji akikataa, nenda duka linalofuata.