Muhuri Si wa Ofisini Peke Yake

Ukilitaja neno muhuri mbele ya mwananchi wa kawaida, jambo la kwanza limjialo ni foleni. Hukumbuka karatasi iliyokataliwa, mezani pa karani fulani, kwa kuwa haikugongwa. Hapana shaka muhuri una heshima yake. Waalimu wetu wa chuoni walitusomesha kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa wao hawasomi barua isiyo muhuri, naye akachukua pete ya fedha iliyochorwa jina lake. Pete hiyo ilirithiwa na makhalifa mpaka ikamdondoka Sayyidna Uthman katika kisima cha Aris, Madina. Basi muhuri asili yake ni mkono wa mtu: ni kumwambia mwenzio, "Haya yametoka kwangu."

Maana hiyo ndiyo ninayoitetea leo. Idi ikikaribia, twaletewa kwenye simu picha moja ya mwezi na kubazi, imepita mikono elfu kabla ya kutufikia. Mimi mwenyewe huipata picha ile ile kutoka kwa watu kumi, na sijui ni nani kati yao aliyenikumbuka kwa kweli. Wanunuao kadi dukani nao aghalabu huuziwa maua ya nchi za baridi. Kadi ya salamu ya Krismasi iliyochapwa kwa kuuzwa, ya Henry Cole wa London, ilitoka mwaka 1843. Wenyewe walichora mambo ya kwao, na haki yao. Swali ni je, sisi ya kwetu yatachorwa na nani?

Ndugu msomaji, usiniambie vifaa ni ghali. Tazama pwani yetu. Ndara zilizotupwa huletwa na mawimbi kila siku. Mafundi wa Lamu walizichukua ndara kama 30,000, wakazivika jahazi la plastiki kuukuu liitwalo Flipflopi, likashuka majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Ikiwa ndara zimevika jahazi, seuze kadi ya mkononi?

Kazi yenyewe ni hivi. Osha soli ya ndara, ikaushe, ukate kipande cha ukubwa wa kiberiti. Chora ua kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, uigeuze karatasi kifudifudi juu ya raba na kuisugua kwa ukucha. Mchoro utahamia kwenye raba ukiwa kinyume, na ndivyo utakiwavyo, maana ukipiga chapa utarudi sawa. Asiyefanya hivyo, herufi zake zitasomeka kwenye kioo tu. Kisha kwa ncha ya wembe ondoa pale pasipotakiwa wino. Wembe uulaze, usiusimamishe, ili mstari uwe mpana chini na mwembamba juu; mstari uliochimbwa wima huyumba ukikandamizwa. Mtoto na achore, wembe ashike mkubwa. Nyuma gundisha kipande cha ubao kiwe mshikio. Sponji iliyotiwa wino kidogo yatosha kuwa kidau. Wino ukizidi hujaa mifereji na ua likawa doa. Jaribu kwanza kwenye gazeti la jana.

Ziko na hila nyingine. Piga chapa ya pili bila kuchovya tena, wino utafifia, na ua hilo litaonekana liko mbali. Ukitaka ua moja liwe mbele ya jingine, lipige la mbele kwanza, ulifunike kwa karatasi uliyoikata kwa umbo lake, ndipo upige la nyuma. Ukiiondoa ile karatasi, la nyuma litakuwa limejificha lenyewe.

Kuhusu mpango wa kadi, hatuna haja ya kwenda mbali. Mama zetu wanayo leso, nayo ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni muhuri mmoja mdogo uliorudiwa pande zote nne; mji ni muhuri mkubwa wa katikati; jina ni lile neno lako. Minyororo na mawaridi ya milango ya Lamu nayo yangoja kuchorwa. Mtoto akishika mpango huu ametengeneza kadi, na kujifunza sanaa ya nyanya yake.

Hapa nina neno la tahadhari. Jina la Mwenyezi Mungu na aya zake zisichongwe kwenye raba iliyokanyagwa. Wazee waliokoroga masizi na gundi kupata wino, wakaandika kwa kalamu ya mwanzi, walijua kila kitu na mahali pake. Ndara na ichape maua na pindo; maneno matukufu yaandikwe kwa kalamu na mkono uliotawadha.

Isitoshe, jambo hili si la Idi pekee. Tangu mtaala wa umilisi uingie katika madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi za mikono za watoto zawamaliza mifuko. Waalimu, kabla ya kumwagiza mzazi dukani, mwagizeni mtoto pwani au jaani. Nanyi wazazi, kadi ikija nyumbani imekwenda upande, msiicheke. Upande huo ndio unaowaambia kuwa imetoka kwa mwanenu.

Nami nikiwa mtu wa mashairi, sina muhuri wa kufungia ila huu:

Muhuri chonga kwa raba, kadi uipige chapa,
Hata karatasi haba, hakuna deni kulipa,
Upe mama, upe baba, jirani naye kumpa,
Mkono wenye mahaba, kazi haufanyi pupa.